Peugeot 504 ya marehemu mzee: natoa rangi yote mpaka bati au napiga juu ya ile ya zamani? (Dodoma)

Kijana wa Ipagala

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana hapa nilipo kila fundi ananiambia lake na kichwa kinaniuma.

Nina Peugeot 504 saloon ya 1977, ilikuwa ya baba, Mungu amrehemu. Aliipata akiwa mwalimu Kondoa na ndo gari iliyobeba maharusi na wagonjwa wa mtaa mzima, sie wenyewe tumepelekwa shule nayo. Toka 2011 imesimama chini ya mkwaju kule nyumbani, turubai juu, kuku wanataga ndani, mpaka mwaka jana nikaileta Dodoma juu ya lori. Injini imeguswa inawaka vizuri tu, breki zimefanywa, imebaki sura sasa.

Rangi ya juu ni nyeupe iliyochoka, ukipitisha kiganja unatoka na unga kama umeshika chaki. Kwenye paa kuna nyufa nyufa kama mbuga iliyokauka, na chini ya milango kuna malengelenge, ukibonyeza na kidole yanapasuka inatoka ile kitu ya kahawia.

Fundi wa kwanza kaniambia tupige sendiblasti (kurushia mchanga kwa presha) gari zima, siku moja imeisha. Wa pili kasema we piga msasa juu juu, puti (ile ya kuziba mabonde), rangi, siku nne unaondoka nayo inang'aa. Wa tatu huyu ndo kaniogopesha, anataka aichome rangi na gesi ya kuchomelea huku anakwangua. Bei zao sizitaji zinatia hasira.

Mi nimewaza kazi ya kutoa rangi niifanye mwenyewe wikiendi hapa uani, nina baraza yenye bati, grainda ninayo, kompresa naazima kwa jirani, alafu nikimaliza ndo nimpe fundi anyunyize. Sasa je, kweli lazima nishuke mpaka bati? Na nikishashuka si itaota kutu kabla sijamaliza, maana wikiendi ni siku mbili tu na kazini sipati ruhusa? Na nianzie wapi asee.

---

Chizi Magari

Mkuu kwanza hongera, hiyo ndo gari iliyochukua Safari Rally 1975 na tena 1978, usije ukathubutu kuiuza kwa hao wa vyuma chakavu. Mengine wanakuja wataalam mi nimekaa pale na karanga zangu.

---

Fundi Mstaafu

Mdogo wangu pole na msiba wa zamani. Nimepiga rangi tangu enzi hizo 504 zikiwa ndo gari za wakubwa, sasa macho hayataki tena ila mdomo upo.

Kabla hujanunua hata msasa mmoja, tafuta sumaku. Spika mbovu yoyote ina sumaku nyuma, itoe, ivalishe soksi isikwaruze, alafu zunguka nayo gari zima taratibu, hasa chini ya milango, kwenye matao ya matairi, kingo za fenda na sakafu ya buti. Penye bati inavuta. Penye puti nene inateleza inadondoka. Chukua chaki weka alama kila ilipodondoka, hiyo ndo ramani yako, na ndo itakuambia kama unapiga rangi au unajenga gari upya.

Cha pili chovya kitambaa cheupe kwenye thina, kiweke juu ya rangi mahali pa kujificha dakika moja mbili. Ikiyeyuka ikabaki kwenye kitambaa ujue ni ile rangi ya zamani ya kukauka yenyewe, na juu yake ukipiga hizi za hadna (dawa ya kugandisha unayochanganya) za siku hizi kuna siku itakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ikigoma kuyeyuka ni ya hadna. Rangi iliyoshika vizuri isiyo na nyufa haina haja ya kutolewa mpaka bati, unaikata msasa namba 320 unapita, kuna watu wanatoa rangi ya kiwandani nzima nzima ambayo ingewafaa kama msingi bora kuliko chochote watakachoweka. Lakini paa lako lenye nyufa hilo halina mjadala, nyufa zinapanda. Ukizifunika leo baada ya jua la miezi kadhaa zinakuja kukusalimia juu.

Sasa hao mafundi wako. Wa gesi mkimbie. Bati la bodi ya saloon halifiki hata milimita moja, ukilichoma linavimba linabaki na mawimbi na hakuna puti itakayolinyoosha, na rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi ndani yake, ule moshi unauvuta wewe na watoto wa jirani. Wa sendiblasti si mjinga ila mwambie apige rimu, na vyuma vinene vya chini. Boneti, paa na milango asiguse, mchanga kwa presha ile unalipiga bati kama nyundo ndogo ndogo elfu, linatanuka linakuwa mgongo wa kobe. Alafu mchanga unaingia kwenye kila kona, utakuwa unautoa mpaka unazeeka. Na vumbi la mchanga ule linaua mapafu, wachimbaji waulize.

Wa siku nne sina la kusema, gari yake itang'aa kweli, mpaka masika.

Kwa bati pana kama boneti na paa tumia dawa ya kutoa rangi, wengine mnaiita rimuva. Kwanza funika kingo na maungio yote kwa tepu, uache kama sentimita mbili tatu, maana dawa ikiingia kwenye maungio haitoki, itakaa humo kimya, siku unamaliza rangi mpya inaanza kutoka inalengelenga. Hizo kingo utazimalizia kwa msasa wa mkono. Dawa unaipaka nene mara moja kwenda upande mmoja, usirudierudie na brashi kama unapaka chokaa, alafu unaifunika na nailoni. Hapo kwenye nailoni ndo watu wa Dodoma wanakosea, hewa yetu kavu na upepo, dawa inakauka kabla haijafanya kazi wanasema dawa feki. Kivulini, asubuhi, na nailoni juu, ukifunua utaona rangi imejikunja kama ukoko wa ugali, unaisukuma tu na kwanguo ya plastiki. Vaa glavu nzito na miwani, tone moja mkononi utaruka. Kisha safisha kama kopo linavyosema, nyingine ni maji nyingine ni thina.

Grainda na jiwe la kukata chuma kaa nalo mbali na bodi. Jiwe linakula bati na kulichemsha. Kama huna mashine ya msasa ya kuzunguka, tumia zile diski laini nyeusi zenye vinyweleo kama sponji gumu, spidi chini na usikandamize.

Kuhusu kutu: usivue gari zima kwa mkupuo! Hapo ndo jibu lako la wikiendi. Jumamosi boneti inakuwa uchi, Jumapili inavaa. Ukimaliza kipande, kikwaruze na msasa namba 80 au 120 bati lipate meno, kifute na dawa ya kutoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja kimelowa kinapaka na kingine kikavu kinakusanya kabla haijakauka, alafu piga praima (rangi ya msingi) ya epoksi. Epoksi, sio ile ya kijivu ya kopo moja unayoona kwenye daladala. Ile ya kijivu inanyonya unyevu kama mkate, gari ikikaa nayo mvua zote kutu inaota chini yake huku we unajiona umekinga. Epoksi inaziba. Na ukishalivua bati usiliguse kwa kiganja kitupu, jasho lina chumvi, utakuja kuona alama ya vidole vyako vitano imeota kutu.

Puti inakuja juu ya epoksi, nyembamba, isizidi milimita 3, kama shimo ni refu zaidi ya hapo nyoosha bati kwanza. Changanya kidogo kidogo, joto la mchana hapa linaifanya igande mkononi. Na usiongeze hadna ili iwahi, ile rangi nyekundu ya hadna inapanda mpaka juu, unaona doa kwenye rangi nyeupe hujui limetoka wapi. Kata kwa kibao, 80, 120, 180, KAVU. Naona vijana wanakata puti na msasa wa maji, puti inakunywa maji, wanafunika, alafu wanashangaa malengelenge.

Nimechoka kuandika, nitarudi.

---

Mama Landi

Fundi shikamoo, umenikumbusha yangu yakanichoma upya.

Nina Land Rover 109 huku Mpwapwa, ya kubebea mahindi. Kijana niliyempa kazi aliipiga brashi ya waya, akaifuta petroli, akapaka praima ya kawaida na rangi ya kijani nzuri kabisa. Mvua ya pili tu ubavu mzima ukaanza kubanduka kama ganda la ndizi, unashika ncha unavuta inatoka kipande kama kanga. Kumbe asee bodi ya Landi ni aluminiamu! Toka zinaanza 1948 walitumia aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, chasisi ndo chuma, na ule ukuta wa mbele ya dereva. Sumaku ya fundi haivuti hapo hata kama hakuna puti, kwa hiyo mwenye Landi usije ukazimia ukadhani gari lote ni puti.

Aluminiamu ukiikwangua inajivika utando wake papo hapo, rangi ya kawaida haishiki. Inataka praima ya asidi au epoksi iliyoandikwa kabisa kwamba inashika aluminiamu, na uipake siku hiyo hiyo. Na brashi ya waya ya chuma usitumie, vijichembe vya chuma vinabaki vimenasa vinaota kutu ndani ya aluminiamu. Tumia yale madodoki ya kusugulia ya plastiki, yale magumu ya mafundi. Na pale chuma kinapokutana na aluminiamu utaona unga mweupe, panakulana hapo, weka kitu katikati kabla hujafunga bolti.

La petroli nalisema kwa herufi kubwa, MSIOSHE BODI NA PETROLI. Inaacha utando wa mafuta, rangi inakataa inafanya vitobo kama macho ya samaki, na yule kijana wangu alikuwa anafuta petroli huku mwenzake anawasha grainda upande wa pili. Sisi tulikuwa jikoni. Mungu tu.

Ila fundi swali, mbona wengine wanasema hata kwenye chuma uanze na praima ya asidi ndo inauma bati?

---

Fundi Mstaafu

Marahaba mama. Inauma kweli, ila puti haitaki kukaa juu ya asidi, zinagombana, puti inabaki laini chini. Kwa gari ambayo unajua itakula puti kama hii ya kijana, mi naanza na epoksi na naacha asidi kabisa. Na epoksi nyingi hazitaki kuwekwa juu ya asidi, soma kopo. Wapo mafundi watabisha, wabishe.

---

Kijana wa Ipagala

Fundi shikamoo, Mama Landi shikamoo, nimerudi na majibu na sijui nicheke au nilie.

Sumaku nimeitoa kwenye redio ya zamani nikaivisha soksi ya mtoto. Fenda za mbele zote zimevuta, boneti safi, paa safi. Mlango wa nyuma kulia kwa chini imedondoka, tao la tairi la nyuma kulia imedondoka, alafu nikafika kwenye kizingiti cha chini ya milango upande wa kulia, yaani haikuvuta hata pa kubahatisha, toka tairi la mbele mpaka la nyuma. Nikachukua bisibisi nikagonga kidogo. Ikaingia yote. Nikachokonoa, ukadondoka udongo, kumbe saruji!! Wamejaza saruji, nyuma ya saruji kiroba, nyuma ya kiroba gazeti limekunjwa kunjwa. Lina matokeo ya mpira, nimelikunjua taratibu nijue Yanga walicheza na nani, kipande hicho hicho ndo kimeliwa na kutu.

Na mzee alikuwa anaisifia kila siku, bodi ya Mfaransa hii haiozi.

La pili ni la kuchekesha. Jana nimefungua fenda ya mbele kulia, imefungwa kwa bolti tu kumbe, nikaweka rimuva na nailoni kama ulivyosema, saa moja na nusu asubuhi kabla upepo haujaamka. Rangi zimetoka tabaka tabaka, nyeupe, chini yake nyeupe nyingine, chini kuna kijani, alafu chini kabisa bluu ya mbingu imelala inang'aa kama jana. Bluu! Sie wote tumezaliwa tumeikuta nyeupe. Nikampigia picha mama nikamtumia, akanyamaza kidogo alafu akasema ndivyo ilivyokuja, baba yako aliipaka nyeupe tulipopata ajali ya Mto Bubu kwa sababu ile bluu haikupatikana.

Sasa nauliza mawili. Hicho kizingiti nafanyaje, na nikitaka kurudisha bluu naipataje?

---

Chizi Magari

Saruji 😂😂 hiyo sio gari mkuu hiyo ni nyumba, ulipie na kodi ya jengo.

---

Fundi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Saruji nimeikuta sana, nimekuta hata bua la mtama. Ubaya wake inashika maji, kwa hiyo bati linaoza toka ndani na nje halionekani.

Hapo msasa weka chini kwanza. 504 saloon haina chasisi ya pembeni kama Landi, bodi yenyewe ndo uti wa mgongo, na hicho kizingiti ndo kinashika katikati isilegee. Ukikikata chote gari ikiwa imening'inia kwenye jeki, inajikunja kidogo, na ukishachomelea kipya milango haifungi tena maisha. Iweke gari kwenye sakafu sawa, ishikwe chini ya ekseli zake, chomelea vyuma viwili vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, pima kwa utepe pembe hadi pembe uandike ukutani. Kata vipande vipande mpaka ufike bati linalong'aa, usichomelee kiraka juu ya bati lililooza, ni kama kushona kiraka kwenye karatasi iliyolowa. Upande mmoja uishe ndo uguse wa pili, maana nakuhakikishia kushoto nako ukachokonoe vizuri. Kabla ya moto wowote toa tenki la mafuta, chomoa betri, toa mazulia na viti. Uchomeleaji uwe wa madoa madoa, huku kidogo kule kidogo, bati lipoe. Baadaye ndani ya boksi hilo unanyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mrija, na vile vitundu vya chini vya kutoa maji vizibuliwe, hivyo ndo chanzo cha yote, vilizibwa na matope tangu enzi za Kondoa.

Na vioo vya mbele na nyuma toa. Raba zake zimekauka, utazikata, agiza mpya kabla. Chini ya raba ya kioo cha mbele ndo kutu inapenda kujificha, mtu anapaka rangi vizuri anaizungushia raba na tepu, mwaka unaofuata inatambaa kutoka chini ya raba.

---

Vumbi la Kizota

Naongezea la rangi na vumbi maana mi nipo gereji huku.

Bluu unaipata hivi: usipeleke dukani kile kipande cha fenda, kitakuwa kimeliwa na dawa. Tafuta pale ambapo jua halijawahi kufika, ndani ya buti nyuma ya zulia la pembeni au chini ya dashibodi, kama wale wa zamani hawakupaka humo. Ping'arishe na polishi kidogo kwanza ndo wasome rangi yake kwenye mashine, ukiwapa iliyopauka watakuchanganyia iliyopauka. Wapige sampuli kwenye kibati uitazame juani, sio chini ya taa ya duka.

Na kadi ya gari inasema rangi gani? Kama ni nyeupe basi ukishabadilisha nenda TRA ubadilishe taarifa, trafiki akikusimamisha na gari ya bluu kadi nyeupe mtaongea sana.

Vumbi: mwezi wa 7 na wa 8 upepo wa hapa mnaujua. Wengi wanasema piga rangi alfajiri kabla haujaanza, mi nimepiga hivyo ikatoka imelala mbaya, bati lilikuwa baridi la usiku na rangi za hadna hazipendi baridi. Kwa hiyo nyunyiza maji sakafuni na kuzunguka banda toka jioni, asubuhi acha bati lipate joto mpaka kama saa 3, piga, saa 5 uwe umefunga. Kabla ya hapo ile praima ya juu ya puti ukishaipiga, nyunyiza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu yake alafu kata na kibao namba 400, palipobaki peusi ni bonde. Alafu funga macho upitishe kiganja juu ya kitambaa chembamba, mkono unaona kuliko jicho.

Na barakoa ya kitambaa haizuii moshi wa hadna. Hata kidogo. Anayenyunyiza avae ya vichujio vya mkaa mipya au ile ya kuletewa hewa kwa mpira, na watoto wasiwepo uani.

---

Kijana wa Ipagala

Wakuu nimeshiba. Fundi wa kuchomelea nimempata anaanza kizingiti wiki ijayo, nimemwambia habari ya vyuma vya mlangoni akaniangalia akauliza nani kakufundisha.

Nyuma ya zulia la buti bluu ipo, wala haijaguswa, kipande kama sahani ya chai. Hicho nimeamua sikipaki rangi, kikae hivyo hivyo.

Jumamosi natoa boneti. Dawa ninayo, nailoni ninayo, epoksi nimeagiza Dar inaingia kesho. Glavu ndo nimesahau, wacha niwahi Majengo kabla hawajafunga.